Ingezuiwa

Katika hospitali ile kubwa ya rufaa, chumba namba tisa kilikuwa mwisho wa korido ya ghorofa ya chini, ukuta kwa ukuta na chumba cha kufulia mashuka. Mashine za kukaushia zilifanya ukuta ule uwe wa moto mwaka mzima. Ndani mlikuwa na meza mbili. Moja ilikuwa ya Mzee wa Nyaya, mtu wa kupanda ngazi na kupitisha waya darini. Ya pili ilikuwa ya mwanamke ambaye hospitali nzima ilimwita Bi Kufuli.

Jina hilo hakujipa. Alipewa kwa sababu ya kazi yake, ambayo ilikuwa kutunza orodha ya programu zinazoruhusiwa kwenye kompyuta mia nne na kumi na mbili za hospitali. Programu iliyomo kwenye orodha ilifunguka. Isiyokuwemo haikufunguka, hata kama aliyeibofya ni profesa. Badala yake yalitokea maneno ambayo Bi Kufuli aliyaandika mwenyewe, miaka tisa nyuma, akitafuta lugha ya adabu: "Samahani. Programu hii haijaruhusiwa. Tafadhali wasiliana na chumba namba tisa." Hakuna aliyeona "samahani" wala "tafadhali". Waliona "chumba namba tisa", wakashuka ngazi na sura wamekwisha kuikunja.

Walidhani ni kazi ya kukaa na kusema hapana. Kumbe orodha ile ilitaka kulelewa. Kila programu ilitambulika kwa alama yake, kama mtu na alama ya kidole. Mtengenezaji akigusa kitu kidogo tu, alama inabadilika, na programu iliyolala mwenyeji inaamka mgeni. Kwa hiyo kila wiki Bi Kufuli alichukua matoleo mapya, akayajaribu kwenye kompyuta mbili chakavu alizoziweka chini ya meza, akatazama yanaita nini na yanaandika wapi, ndipo akayapitisha. Kisha aliandika kwenye daftari la jalada gumu: nani ameomba, kwa kazi gani, mpaka lini. Mistari mia sita na ushee. Aliijua kama mwenye nyumba anavyojua vyombo vyake; akiona kijiko kigeni anauliza kimetoka kwa nani.

Daktari mmoja wa upasuaji aliwahi kumletea mchezo wa karata.

"Bi Kufuli, karata tu. Zinanituliza mkono."

"Daktari, kama karata ndizo dawa ya mkono wako, tafuta za karatasi. Hizo sizuii."

Mzee wa Nyaya alicheka mpaka ikabidi ateremke kwenye ngazi. Daktari hakucheka.

Nyumbani aliitwa Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti wawili waliokuwa karibu kumaliza shule. Mumewe alikuwa mwalimu wa useremala katika chuo cha ufundi, mtu mpole, mkono mwepesi na mdomo mzito. Baba na mama walimfia akiwa na miaka saba, akabaki na dada yake wa miaka kumi na tisa. Dada yule aliacha masomo miaka minne, akawa anashona sare za watoto wa watu ili mdogo wake avae ya kwake, na alipomwona amesimama ndipo naye akarudi darasani kusomea maabara. Basi Bi Kufuli alipoolewa hakumkuta mama mkwe. Alimkuta wifi aliyezishika nafasi zote mbili. Na kana kwamba hiyo haitoshi, wifi huyo alifanya kazi hospitali ileile, na mwaka huo ndiyo kwanza alikuwa amepewa ukuu wa maabara.

Mzee wa Nyaya alikuwa na mzaha wake juu ya jambo hilo, maana vile visanduku vya intaneti alivyovifunga darini navyo watu waliviita wifi. Bi Kufuli akiingia asubuhi na kusema, "Leo wifi kanichosha," yeye humuuliza, "Yupi? Wa darini au wa maabara?" Kisha hujijibu mwenyewe, "Afadhali wa darini, ana kitufe cha kuzimia."

Mwaka huo maabara ilipata mashine mpya ya kuchunguza damu. Fundi wa kampuni iliyoileta alitaka awe anaitazama akiwa ofisini kwake, mji mwingine, kupitia programu ndogo ambayo ingewekwa kwenye kompyuta za maabara. Wifi alishuka mwenyewe chumba namba tisa, flashi mkononi.

"Wifi, niwekee hii leo."

"Karibu, Dada. Imetoka kwa nani?"

"Kwa fundi wa mashine. Kanipa mkono kwa mkono."

Bi Kufuli aliichomeka kwenye moja ya kompyuta chakavu. Programu haikuwa na saini ya mtengenezaji yeyote. Isitoshe, kila ilipofunguliwa ilizaa vijiprogramu vingine, kila kimoja na alama yake mpya, kwenye folda moja ya muda. Kuiruhusu kungekuwa kuiruhusu folda nzima, pamoja na chochote kitakachodondokea humo.

"Dada, nipe wiki moja nimwandikie mtengenezaji atuletee iliyosainiwa. Hii ni kama mgeni anayebisha hodi peke yake, ukimfungulia wanaingia kumi."

"Wiki? Wagonjwa wangu wakae wiki?"

"Mashine inapima, Dada. Ni fundi tu asiyeiona akiwa kwake."

Wifi alichomoa flashi. "Mumeo nimemlea mimi," alisema taratibu. "Sikuwahi kumwambia, nipe wiki ndipo nikupikie."

Kabla ya saa tisa alasiri Bi Kufuli aliitwa kwa Mkurugenzi. Wifi alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha pembeni. Mkurugenzi alikuwa mtu wa maneno mafupi. Hata barua pepe hakuzipenda, alisema ni za watu wasio na ofisi.

"Naambiwa orodha yako ina hali fulani ambayo haizuii, inatazama tu."

"Ipo, bosi. Tunaitumia tukijaribu kanuni mpya. Inaandika kilichopita, basi."

"Iweke maabara kwenye hali hiyo. Siku mbili, fundi amalize kazi."

"Bosi, mlinzi anayeandika majina ya wezi huku wakipita si mlinzi."

"Siku mbili, mama."

Aliandika dokezo la ukurasa mmoja: hatari ni hii, aliyeomba ni huyu, mwisho ni tarehe hii. Wifi alisaini kama mwombaji, bila kusoma. Mkurugenzi akaandika kwa wino wa kijani, "Endelea," akasaini. Bi Kufuli aliipitisha karatasi kwenye mashine ya kunakili, ile yenye wino wa kijani akaipeleka masijala, nakala akaenda nayo nyumbani na kuiweka kwenye mtoto wa kabati, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya pacha. Baadaye alijilaumu sana kwa nini hakuipiga picha kwa simu. Aliona karatasi mbili zinatosha.

Siku mbili zikapita. Fundi alikuwa hajamaliza. Wiki ikapita, Mkurugenzi alikuwa safarini. Wiki ya tatu Bi Kufuli alikata shauri mwenyewe, akairudisha maabara kwenye kuzuia. Haikupita saa moja simu ikalia.

"Nani amekuagiza?" aliuliza Mkurugenzi.

"Siku mbili zimekuwa kumi na saba, bosi."

"Nimeuliza, nani amekuagiza?"

Akafungua tena.

Tangu hapo kila asubuhi alisoma kumbukumbu za maabara. Hali ile ya kutazama tu ilikuwa na neno lake moja ililoliandika mbele ya kila programu ngeni: Ingezuiwa. Wiki za kwanza vilikuwa vijiprogramu vya fundi. Kisha habari zikaenea kwamba maabara sasa mambo ni huria. Mmoja akaleta programu ya nyimbo, mwingine ya kupamba kadi za mialiko. Ingezuiwa. Ingezuiwa. Ingezuiwa. Alikwenda kumweleza Wifi kwamba watu wake wanabeba vitu kutoka majumbani. Wifi alikuwa akitazama kwenye hadubini, hakuinua kichwa.

"Waache wapumue, wifi. Umewabana miaka tisa."

Wiki ya tano, Jumanne, saa nne kasoro asubuhi, karani wa kupokea sampuli alifungua kitu kilichofanana na hati ya kuletewa dawa za kupimia. Haikuwa hati. Katika dakika ishirini mafaili yote ya maabara yalikuwa yamefungwa kwa funguo ambazo hakuna aliyekuwa nazo, na kwenye skrini kulikuwa na maandishi mekundu ya kudai fidia. Kitu hicho kilijaribu kutoka kwenda wodini, famasi, mapokezi, chumba cha picha. Kote kiligonga mwamba. Bi Kufuli alitazama mistari ikishuka kwenye skrini yake: famasi, Imezuiwa, wodi ya watoto, Imezuiwa, mapokezi, Imezuiwa. Na katikati yake, maabara: Ingezuiwa. Silabi moja tu ndiyo iliyotofautiana.

Nakala ya akiba ya mafaili iliyosalimika ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Majibu ya damu na mkojo yaliweza kurudiwa, kwa usumbufu na matusi. Shida ilikuwa vipande vya nyama vilivyokatwa kutoka kwenye miili ya watu kwa uchunguzi. Vioo vyake vilikuwepo, vimepangwa vizuri, kila kimoja na namba. Majina ya wenye namba yalikuwa kwenye kompyuta, na daftari la karatasi lilikuwa limeachwa tangu mashine mpya ifike. Vioo ishirini na sita havikuwa na mwenyewe. Ilibidi watu waitwe upya, wakatwe upya.

Mmoja wao alikuwa mke wa dereva wa ambulensi. Dereva huyo alikuwa ndiye mtu pekee aliyeshuka chumba namba tisa bila shida ya kompyuta; msimu wa mvua alikuja kuegesha koti lake kwenye ukuta wa joto, akapiga soga mpaka likauke. Mkewe alikuwa na uvimbe kwenye titi.

Kamati ya uchunguzi iliundwa, watu watano na mwenyekiti. Jambo la kwanza lililothibitishwa ni kwamba hali ya maabara ilibadilishwa kwa jina la Bi Kufuli, tarehe fulani, saa fulani. Alilikubali. Akasema someni dokezo. Faili lililetwa kutoka masijala, karatasi zimepigwa namba kwa mkono: arobaini, arobaini na moja, arobaini na tatu.

Mkurugenzi alisema, "Nilielekeza maabara isaidiwe. Namna ya kuisaidia ni kazi ya wataalamu."

Wifi akasema, akitazama meza, "Sikumbuki kusaini kitu."

"Nyumbani ninayo nakala," alisema Bi Kufuli.

Mwenyekiti akaahirisha kikao mpaka Ijumaa ili nakala iletwe. Kosa la Bi Kufuli lilikuwa hapo, kusema kabla ya kuishika mkononi.

Jioni ile mumewe alikuwa ameshapata habari. Hakula.

"Mama Pacha, ukimwangusha Dada umeniangusha mimi."

"Simwangushi. Nasema alichokifanya."

"Amebakiza miaka mitatu astaafu."

"Mimi nimebakiza kumi na mitano, Baba Pacha. Nikae nayo wapi?"

Mumewe alinawa mikono ambayo haikugusa chakula.

Alhamisi alipotoka kazini, Bi Kufuli alivuta mtoto wa kabati. Vyeti vya pacha vilikuwepo. Karatasi haikuwepo. Aliinua nguo moja moja, akajua kwamba anajidanganya, akatoka uani. Mumewe alikuwa akipiga randa ubao wa mlango.

"Iko wapi?"

Randa ikaenda, ikarudi.

"Nimempa Dada."

"Umempa."

"Alikuja mchana. Alilia. Sijawahi kumwona Dada akilia, hata siku tulipomzika mama." Akaipuliza randa. "Wewe una nguvu, Mama Pacha. Wewe utasimama."

Alimtazama mwanamume huyo aliyezaa naye, vumbi la mbao kwenye nyusi, na akaona kwamba hakusema hayo kwa ubaya. Aliamini kabisa. Hapo ndipo palipomuuma. Angekuwa mwovu, ingekuwa rahisi.

Ijumaa alikwenda mikono mitupu. Alieleza kila kitu kwa mdomo, siku kwa siku, na mwenyekiti aliandika kidogo. Aliomba Mzee wa Nyaya aitwe, maana siku ile ya dokezo alikuwepo mezani kwake, na aliisoma karatasi kwa sauti mpaka kwenye neno la kijani. Mzee aliingia, kofia mkononi.

"Uliliona dokezo hilo?"

Mzee alitazama dari, kana kwamba anatafuta waya. "Mimi ni mtu wa nyaya," alisema.

Kamba hukatikia pembamba. Uamuzi ulisema Bi Kufuli alilegeza ulinzi bila kibali cha maandishi. Hakufukuzwa, walimhurumia, walisema, kwa utumishi wake mrefu. Alipelekwa ghala la vifaa, kugawa glavu, pamba na mashuka. Daftari lake lilichukuliwa kama ushahidi. Ripoti ilitaja pia, kwenye ukurasa wa mwisho ambao wachache waliufikia, kwamba programu ya fundi haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa mlango ulioachwa wazi kwa ajili yake. Mkurugenzi alihamishiwa hospitali kubwa zaidi. Siku ya kumuaga, Wifi ndiye aliyesoma risala.

Pale ghalani watu walimsalimia vizuri kuliko zamani. Daktari wa karata alimuuliza hali ya nyumbani. Alielewa: hawezi tena kuwazuia kitu.

Wiki moja dereva wa ambulensi alikuja kuchukua mashuka ya machela. Alisaini, akayaweka mashuka begani, asiondoke.

"Mke wangu wamemkata tena," alisema. "Wiki saba baada ya mara ya kwanza. Wanasema umeshapanda kwapani. Nimewauliza, wiki saba nyuma ulikuwa wapi? Wanasema hakuna ajuaye." Akalitazama daftari alilosaini. "Watu wanasema ni wewe. Ni kweli?"

Bi Kufuli alikuwa na jibu refu. Alikuwa amelikariri usiku na mchana, na tarehe zake zote.

"Mkono uliobonyeza ni wangu," alisema.

"Na mdomo uliosema bonyeza?"

"Wa Mkurugenzi. Na wifi yangu ndiye aliyeomba. Niliwaandikia hatari yake, wakasaini. Karatasi sinayo."

Dereva alitikisa kichwa pole pole. "Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Ukabonyeza."

"Nikabonyeza."

Alirekebisha mashuka begani, akaenda zake. Hakuwahi kumtukana, wala kumnunia. Alimsalimia kila walipokutana, salamu ileile aliyompa Wifi, haikuzidi wala kupungua. Mkewe alifariki miezi minane baadaye. Msibani Wifi alikuwa mbele, akipanga viti, akiwashika wafiwa mikono, akilia machozi ya kweli. Bi Kufuli alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na aliondoka kabla ya watu kuanza kuulizana nani ni nani.

Kwake hapakuvunjika kitu cha kuonekana kwa macho. Pacha walikuwa na mitihani, sufuria zilipikwa, nguo zilianikwa. Mumewe alimtengenezea kabati jipya la mninga, kazi ya miezi miwili, milango imeungwa bila msumari hata mmoja, pengine ndiyo njia yake ya kusema. Bi Kufuli akaweka humo vitunguu na viazi. Mume aliona, akatoka uani. Wifi alipokuja kuwaona watoto, Bi Kufuli alimkaribisha, akampa kiti, akampa maji, kisha akakumbuka kazi jikoni. Siku moja tu Wifi alimfuata huko, akasimama mlangoni.

"Wifi, mimi ningefanyaje? Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningesema nimesaini, Dada."

Wifi akarudi sebuleni. Hawakulizungumza tena.

Chumba namba tisa walimleta mtaalamu wa kutoka nje, mtu mwenye vyeti vingi na haraka nyingi. Asubuhi moja muuguzi wa wodi ya watoto aliingia ghalani mbio.

"Bi Kufuli! Programu ya dozi imegoma. Inasema haijaruhusiwa. Tunakokotoa kwa vidole, na tuna watoto wawili wa kifafa."

Angeweza kusema si kazi yangu. Alikuwa na haki, na barua ya kuithibitisha. Alifunga ghala, akashuka. Mtaalamu alikuwa amezama kwenye skrini. Mzee wa Nyaya akajifanya anatafuta bisibisi.

"Hiyo mtengenezaji huitolea toleo jipya kila wiki mbili," alisema Bi Kufuli bila kukaa. "Ukiifunga kwa alama ya faili itakugomea kila mara. Irekebishe kwa saini ya mtengenezaji, na jina la programu, na toleo lisiwe chini ya lile unaloliona pale. Si folda. Usiguse folda."

Mtaalamu aliandika, akapeleka, wakasubiri. Simu ya wodini ikalia: imefunguka.

"Mambo haya mbona hayakuandikwa popote?" aliuliza mtaalamu.

"Yameandikwa. Daftari liko kwenye kabati la kamati."

Mtu yule alitabasamu kwa aibu. Alimwomba awe anashuka, japo mara moja kwa wiki, amsaidie na mistari iliyobaki, maana mingine haelewi iliwekwa kwa nini na anaogopa kuifuta.

"Niandikie barua," alisema Bi Kufuli. "Isainiwe na mkurugenzi mpya. Nipewe na nakala."

Mtaalamu alicheka, akidhani ni utani. Aliona hacheki, akaahidi ataandika.

Barua haikuja. Wiki iliyofuata Bi Kufuli alishuka hata hivyo, wakati wa chakula cha mchana, kwa sababu kulikuwa na mashine ya kuwapa wachanga pumzi ambayo mstari wake ulihitaji kuguswa na hakuna mwingine aliyejua. Alikaa kwenye kiti cha wageni. Kiti chake cha zamani kilikuwa na koti la mtu mwingine.